Konveta ya Kaka

Kaka yangu aliponunua Chaser mwaka 2008, alikuja nalo Kawe saa tano usiku akapiga honi mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna msiba. Hakukuwa na msiba. Kulikuwa na gari jeupe, na pembeni yake kaka yangu, kaptula na kandambili, anamweleza yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza: Toyota Chaser, Tourer V, injini ya lita mbili na nusu, silinda sita, tabo, farasi 280. "Mia mbili na themanini," alirudia, kana kwamba tungetaka kuwahesabu.

Mama aliuliza swali moja tu: "Linabeba magunia mangapi?"

Nimeanza na usiku ule kwa sababu mwaka jana nilijikuta nabishana na watu wazima kuhusu kifaa ambacho kabla ya hapo sikukijua hata kwa jina, na kila nilipotaka kuacha, usiku ule ulinirudia. Kifaa chenyewe mafundi wanakiita konveta. Kinakaa kati ya injini na gia boksi kwenye gari la otomatiki, kimefichwa, hakionekani mpaka gia boksi ishushwe chini. Ukikiona kwa mara ya kwanza utadhani ni andazi kubwa la chuma.

Kaka alifariki kwa presha. Gari likakaa miaka miwili chini ya mwembe nyumbani kwake, Kawe Ukwamani, likiangukiwa na majani na maembe mabovu. Kisha wifi akanipigia simu. Kijana wao amemaliza chuo, anataka kulifufua gari la baba yake. Amelisukuma mpaka gereji, fundi amesema gia boksi inavuja na konveta haifai. Kijana anataka konveta ya namna fulani, fundi hataki, na yeye wifi hajui amsikilize nani. "Njoo wewe," akasema. "Wewe ndiye shangazi yake."

Kwetu ukishaambiwa hivyo huna pa kujificha.

Gereji yenyewe haina bango. Ni kivuli cha mkungu, mabati matatu na kontena lililopakwa rangi ya bluu, si mbali na majengo ya kile kiwanda cha zamani cha Tanganyika Packers kilichokuwa kikisindika nyama za makopo. Fundi ni mzee wa miaka sitini na kitu, ana miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia ndoo nikae. Kijana alikuwa amesimama na simu mkononi.

"Shikamoo shangazi. Angalia hii," akasema hata kabla sijakaa vizuri.

Ilikuwa video ya Wamarekani. Gari la zamani, refu, boneti kama meza ya kulia chakula watu kumi, linatetemeka pale lilipo halafu linaruka mbele mpaka tairi za mbele zinaachana na lami. Kijana alinieleza kwamba hayo ndiyo magari ya misuli, yalianza na Pontiac GTO ya mwaka 1964, lita sita na zaidi, na kwamba siri ya kuondoka vile ni konveta yenye stoli ya juu. Amepata mtu wa kumwagizia. Elfu tatu.

"Elfu tatu shilingi?" nikauliza.

Fundi akacheka mpaka miwani ikateleza. Ni elfu tatu za mizunguko. Nikajua nimekaa mbali na mambo haya.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa, maana bila hapo mengine hayataeleweka. Chukua feni mbili za mezani, zitazamane. Moja umeichomeka kwenye umeme, nyingine hujaichomeka. Ukiwasha ya kwanza, upepo wake utaizungusha ya pili. Hakuna mnyororo, hakuna mkanda, hakuna chuma kinachoshikana na chuma. Sasa zitie feni hizo ndani ya chungu cha chuma kilichozibwa pande zote, badala ya upepo weka oili. Feni ya kwanza imefungwa kwenye injini, ya pili inaingia kwenye gia boksi. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye taa huku gia imeingia na injini isizimike: feni moja inazunguka taratibu, nyingine imezuiwa na breki, oili inapita katikati na hakuna anayeumia. Halafu kuna feni ya tatu, ndogo, katikati ya hizo mbili, ambayo inakubali kuzunguka upande mmoja tu. Kazi yake ni kuigeuza oili inaporudi ili iisaidie feni ya kwanza badala ya kuipinga. Hiyo ndogo ndiyo inayofanya nguvu ya kuzungusha iongezeke wakati wa kuondoka, mara mbili hivi. Ukiitoa, una feni mbili tu zinazopulizana.

Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi, ndiyo tabia yangu, na nikakuta jambo lililonifurahisha. Kitu hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya magari. Mjerumani mmoja, Hermann Föttinger, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya kuunda meli ya Vulcan mjini Stettin, alikisajili mwaka 1905. Alikuwa na tabo za mvuke zinazozunguka kwa kasi mno na rafadha zinazotakiwa kwenda polepole, akatafuta kitu cha kuwapatanisha hao wawili bila kuwavunja meno. Magari yalikuja baadaye sana. Buick ndio walioanza kuiuza kwa wingi, kwenye gia boksi yao ya Dynaflow, miaka ya 1940 ikielekea mwisho. Tangu nisome hivyo, nikiwa ufukweni hapa Kawe nikaona meli zinasubiri zamu ya kuingia bandarini, nazitazama tofauti kidogo.

Turudi kwenye stoli. Kanyaga breki mpaka mwisho, weka D, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Feni ya pili haiwezi kwenda popote kwa sababu tairi zimeshikwa. Feni ya kwanza itapandisha mizunguko mpaka mahali oili inakataa, mshale unasimama. Namba hiyo ndiyo stoli. Fundi alilifanya jambo hili mbele yetu, akatuondoa sote mbele ya gari kwanza, na hakuzidisha sekunde tano, kwa sababu nguvu yote ya injini wakati huo inageuka joto ndani ya ile oili. Usilijaribu nyumbani ukutani kwa jirani.

Mshale ulisimama kwenye 1,700.

"Mh," akasema fundi.

Akazima gari, akakaa kimya akichezea funguo. Kisha akatueleza kwamba injini hii, 1JZ ya tabo, nguvu yake ya kuzungusha inafika kileleni kwenye mizunguko 2,400. Chini ya elfu mbili tabo haijaamka, na gari lina karibu kilo 1,500. Konveta yake halali lazima iiruhusu injini ipite elfu mbili ndipo ishike. Hii inashika mapema mno. Ni sawa na kumbebesha mtu ndoo ya maji hajatoka kitandani.

"Kwa hiyo ni mbovu?" akauliza wifi, aliyekuwa ameingia na chupa ya chai.

Inawezekana ni mbovu, akasema. Ile feni ndogo ya katikati ikivunjika kizuizi chake, ikawa inazunguka pande zote, stoli inashuka hivihivi na gari linakuwa zito kuondoka. Inawezekana pia injini yenyewe imechoka. Au inawezekana hii konveta si ya gari hili. Hawezi kusema mpaka ashushe gia boksi. Nilimpenda kwa hilo. Nimeshawahi kukutana na mafundi wanaojua ugonjwa kabla gari halijazimwa.

Alimaliza kuishusha siku ya tatu. Alinipigia mimi, si wifi.

Nilipofika alikuwa ameiweka konveta juu ya tairi kuukuu. Hakusema kitu, alinionyesha kwa kidole. Ile sahani ya nyuma ya injini, inayofungwa boliti za konveta, ilikuwa na mashimo mara mbili. Mashimo ya kiwandani, safi, yaliyopangika; na pembeni yake mashimo mengine yaliyotobolewa kwa drili ya mkono, moja limekwenda upande. Mtu alikuwa na konveta isiyolingana na gari, akalitengenezea gari lilingane nayo.

"Hii imetoka kwenye dizeli," akasema. "Dizeli nguvu yake iko chini kabisa, kwa hiyo konveta yake inashika mapema. Kule ni sahihi. Hapa ni kulifunga gari kamba miguuni. Na kwa kuwa haikukaa katikati, ilikuwa inacheza. Imekula bushi ya pampu, imekula sili, ndiyo maana oili inavuja."

Nikauliza nani amefanya ujinga kama huo.

Alivua miwani akaifuta kwa shati lenye oili, yaani aliichafua zaidi. Akasema kaka yangu alikwenda kwake mwaka 2013, konveta ya asili imekufa. Fundi akamwambia ukweli: nunua gia boksi nzima na konveta yake, vilivyotoka kwenye gari moja la aina hii. Milioni na laki nne wakati ule. Kaka akasema hela hiyo anayo. Akaondoka kwenda kuichukua. Baada ya wiki akarudi na konveta ya dizeli kwenye mfuko wa sandarusi, kainunua laki mbili, anaomba ifungwe. Fundi akakataa.

"Nilimuuliza ile hela vipi. Akasema imekwenda chuoni. Nikamwambia basi subiri ukusanye tena, gari haliozi. Hakurudi. Kumbe alikwenda kufungiwa kwingine. Mimi miaka yote hii sikujua kama aliifunga kweli."

Mwaka 2013 mimi nilikuwa mwaka wa mwisho. Mwezi wa tisa nilikuwa nimeambiwa bila kumaliza ada siingii kwenye mtihani. Kaka aliniletea bahasha hosteli, alikuja kwa daladala, na mimi sikuuliza kwa nini amekuja kwa daladala. Alisema, "Gari liko kwa fundi." Nilihesabu hela ile kitandani: milioni moja na laki nne kamili, noti za elfu kumi kumi.

Si hilo lililoniuma zaidi. Msaada wa kaka mtu unaupokea, unashukuru, maisha yanaendelea. Kilichoniuma ni kwamba baada ya hapo nilipanda gari lile mara nyingi, na nilikuwa namcheka. Taa zikiwaka kijani pale Mwenge, bajaji inatuacha. Bajaji! Tairi tatu! Nikawa namwambia, farasi wako 280 wamekwenda kunywa maji? Gari lako limezeeka kama wewe. Naye anacheka, anapiga usukani, anasema, "Wacha lipate moto kwanza." Alisema hivyo miaka yote. Kwa watu wa nje aliendelea kulisifia vilevile, farasi 280, hakuwahi kupunguza hata mmoja, na kijana wake alikua akisikia sifa hizo.

Kwa kweli, kama mnapenda vichekesho vya historia, hata hiyo 280 yenyewe ilikuwa namba ya makubaliano. Makampuni ya Japani yalielewana yenyewe kwa yenyewe kutotangaza gari lenye zaidi ya hapo, na yalishikilia hivyo mpaka mwaka 2004. Kuna magari yaliyokuwa na zaidi na yakaandikwa 280. La kaka lilikuwa na pungufu na likaandikwa 280. Karatasi haioni haya.

Basi sasa tukawa na machaguo matatu, na kila moja lilikuwa na wakili wake.

La kwanza la kijana: konveta ya stoli elfu tatu kutoka nje, milioni moja na laki tisa, ushuru bado. La pili lilikuwa la wifi, aliyeuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi: hii iliyopo haiwezi kurekebishwa tu, ikazibwa isivuje, gari likauzwa? La tatu la fundi, lilelile alilolisema 2013, ila bei si ya 2013.

Nilikwenda Gerezani mwenyewe. Nilitaka kuona. Kama hujawahi kufika, ni mahali ambapo gari linaweza kuingia zima na kutoka vipande mia mbili, na kila kipande kina mtu anayekijua baba yake. Vinavyouzwa vingi ni mitumba: injini zimepangwa kama mikungu ya ndizi, gia boksi zinachuruzika, magari ya Kijapani yamekatwa nusu mbele ya mlango, maana huko yanakatwa ili yaingie kama spea. Mwanamke ukifika pale peke yako ukauliza konveta, kwanza unaulizwa mzee yuko wapi. Kisha unaitwa bosi. Kisha unauziwa.

Kijana wa duka la tatu aliniwekea konveta kaunta, inang'aa, imepakwa rangi ya fedha. "Hii hapa mama, laki tatu na nusu, unafunga unatembea."

"Ya gari gani?"

"Hizi zote moja mama. Toyota ni Toyota."

Nilikuwa na karatasi ya fundi mfukoni. Hesabu mashimo ya boliti na upime kutoka shimo hadi shimo. Angalia kitovu kinachoingia kwenye pampu: kama kina mkwaruzo unaonasa ukucha, acha. Hesabu meno ya ndani. Kama chuma kina rangi ya bluu, kimeungua. Itikise, ikigongagonga ndani, acha. Inusie oili iliyobaki: harufu ya kitu kilichoungua haidanganyi, na uangalie kama kuna unga wa chuma. Na rangi mpya, aliandika na kupiga mstari, si dawa.

Nilikita ukucha kwenye kitovu cha ile ya fedha. Ukanasa. Kijana akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, akasema, "Dada, wewe ni fundi?" Nimeteremshwa kutoka mama hadi dada kwa ukucha mmoja.

Niliipata seti duka la mbali zaidi, kwa mzee aliyekuwa hata hataki kuuza, anasikiliza redio. Gia boksi na konveta yake, bado vimeshikana na kipande cha injini ya aina ileile. Milioni moja na laki sita, hashuki. Nikarudi Kawe kufikiri.

Na hapa naomba nikiri. Sikuwa nafikiri kuhusu seti. Nilikuwa nafikiri ile ya kijana, ya milioni moja na laki tisa. Nilijiambia mtoto anataka gari la baba yake liruke kama alivyosimuliwa, na mimi ndiye niliyelifunga kamba, kwa hiyo nilipe mpaka iumie. Nilimwambia fundi nimeamua, tuagize ya elfu tatu.

Hakubisha moja kwa moja. Alimwita kijana, akamkalisha kwenye ndoo nyingine, akamuuliza: "Yale magari ya kwenye simu, injini zake zimefanywa nini?" Kijana akaeleza vizuri, nadhani alishangaa kuulizwa. Kemshafti zimebadilishwa, zinapumua juu, chini ya mizunguko elfu mbili na nusu hazina kitu kabisa. "Ndiyo maana wanaiachia ipande kwanza," fundi akasema. "Konveta inafuata injini. Sasa ya kwako imebadilishwa nini?"

"Hakuna kitu."

"Na utaendesha wapi?"

Kijana amepata kazi ya mkataba maeneo ya Morocco. Kwa maana nyingine, barabara ya Mwai Kibaki asubuhi, na barabara ya Mwai Kibaki jioni. Anayeijua foleni ile anajua: hatua kumi, simama, hatua tano, simama. Fundi akasema konveta ya elfu tatu kwenye foleni ile itateleza kutoka Kawe mpaka Morocco, na kila mtelezo ni joto, na oili ya gia boksi ikichemka kila siku inakufa mapema, ikifa inaondoka na gia boksi. Mafuta nayo yatakwenda kama maji. Utapata sekunde mbili za raha Jumapili na utazilipia siku sita.

Kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Dada yangu. Usinunue konveta kwa uchungu. Marehemu aliinunua ile kwa kukosa, wewe unataka kununua hii kwa deni. Gari halijui hayo. Gari linajua injini inaamka wapi, lina uzito gani, na linapita njia ipi."

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Nani amemwambia kuhusu deni? Kisha nikakumbuka ni yeye aliyenisimulia.

Tukanunua seti. Wifi akatoa laki tano za mchezo wake bila kuombwa, akasema haliuzwi tena.

Siku ya kuifunga nilishinda gereji. Sahani yenye mashimo ya mkono ilitolewa, ikawekwa iliyokuja na seti. Fundi alimwaga oili lita nzima na zaidi ndani ya konveta kabla ya kuipandisha, ili isiende ikavu siku ya kwanza. Kisha akaisukuma kwenye pampu huku anaizungusha taratibu, amefumba macho, anasikiliza. Tak. Akaendelea. Tak. Kijana akataka kuanza kufunga boliti, akazuiwa kwa kiwiko. Bado moja. Tak. Alieleza kwamba ikiingia nusu ukaikaza kwa nguvu ya boliti, pampu inavunjika kabla hujatoka getini, na kwamba amewaona watu wazima wakilia kwa hilo. Mirija ya kupozea oili aliisafisha mpaka ikatoka petroli nyeupe, maana unga wa chuma wa konveta ya zamani ulikuwa umelala mle ukisubiri mpya. Jioni tukafanya tena ile ya breki na mafuta, sekunde zilezile. Mshale ulipita elfu mbili bila kusita ukaenda kusimama mbele kidogo ya pale tabo inapoamkia. Fundi hakusema "mh".

Konveta ya dizeli aliikata katikati kwa mashine, kijana alitaka kuona zile feni. Nusu moja sasa iko mezani pale gereji, ana boliti ndani yake.

Tulilijaribu kupanda Makongo Juu, kwa kuwa Dar haina milima mingi na fundi alitaka kuona oili inapata moto kiasi gani. Kijana aliendesha, mimi mbele, wifi na fundi nyuma. Pale mwinuko unapoanza, nyuma ya lori la mchanga, kijana alipata nafasi, akakanyaga. Sijui niseme nini. Kulikuwa na nusu sekunde ya kimya, halafu kitu kikatushika mgongoni na lori likawa kwenye kioo cha nyuma. Wifi alisema "Yesu wangu" kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

Tuliwaacha wao wawili gereji, nikabaki na kijana tulirudishe nyumbani. Kwenye kona ya kuingia Ukwamani, hakuwa ananitazama, akauliza:

"Shangazi, enzi za baba lilikuwa linaondoka hivi?"

Nilimkumbuka kaka mwaka 2008, tuko wawili tu kwenye barabara ya Bagamoyo alfajiri, ananiambia shika kiti.

"Mwanzoni, ndiyo."

"Na baadaye?"

Nikamwambia aegeshe kwanza, pale kwenye duka la soda, azime injini.